Mti Uliotoa Ushahidi Mahakamani

MAARIFA YA JUMA HILI

Akina mama wanaousoma ukurasa huu watakubaliana nasi. Mtoto ameonywa asiende kule bondeni. Jioni anarudi nyumbani mpole kupita kawaida yake, asema alikuwa akicheza uwanjani mchana kutwa. Mama hamwulizi mara ya pili. Anaitazama kaptula yake, anaiona imejaa kishonanguo toka pindoni hadi kiunoni, na mara moja anajua ya kuwa kijana hakuwa uwanjani. Uwanja umefyekwa; kishonanguo kiko bondeni. Basi majani yamesema kabla mtoto hajasema.

Lakini hebu tufikiri kidogo. Kishonanguo kiko bondeni, kiko pia nyuma ya ghala, na kando ya njia ya kisimani. Mbegu zake zote zafanana. Mama aweza kusema, "Ulipita porini." Hawezi kusema, "Ulipita penye mche ule mmoja ulio karibu na jiwe lile." Kama shauri ni la kaptula na viboko viwili, ushahidi huo watosha. Je, kama shauri ni la maisha ya mtu? Yawezekana mbegu moja, au ganda moja, au jani moja, lituambie si aina ya mmea tu, bali mmea wenyewe lilikotoka?

Jibu ni kwamba yawezekana, ila kwa masharti. Juma hili tutasimulia jinsi jambo hilo lilivyojulikana, na masharti yake, maana masharti ndiyo yenye faida kwetu sote.

Maganda mawili ndani ya gari

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka 1992, mwili wa mwanamke aliyeuawa ulionekana jangwani katika wilaya ya Maricopa, jimbo la Arizona, nchi ya Marekani. Hatutamtaja jina, wala hatutamtaja yule aliyeshitakiwa, maana wote wawili wana jamaa zao. Karibu na mwili wapelelezi waliokota peja, yaani kile chombo kidogo kilichotumiwa kumwita mtu kabla simu za mkononi hazijaenea. Chombo hicho kiliwafikisha kwa mtu mmoja mwenye pikapu.

Mtu yule hakukana kwamba alionana na marehemu. Alisema alimpa lifti, wakagombana, akamshusha, naye marehemu akaondoka amenyakua vitu vyake, na ile peja ikiwamo. Ama kule jangwani alikoonekana mwili, alisema, yeye hakufika kabisa.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi maneno hayo yalivyo magumu kuyavunja. Peja imeonekana? Marehemu aliichukua mwenyewe. Walionekana pamoja? Ndiyo, alimpa lifti. Swali lililobaki ni moja tu: gari lile lilifika mahali pale, au halikufika?

Sasa, mahali pale paliota miti iitwayo palo verde. Ni miti ya jangwani ya jamii ya kunde, na mbegu zake hukaa ndani ya maganda. Gome lake ni la kijani, na wakati wa ukame mti huweza kupukutisha majani yake yote, ukajipatia chakula kwa gome lile. Tangu mwaka 1954 ndio mti rasmi wa jimbo la Arizona. Mmoja wa miti ile ulikuwa na mkwaruzo mpya, kama uliogongwa au kuparuzwa na gari. Na wapelelezi walipolipekua pikapu la mtu yule, nyuma kwenye sehemu ya kupakia mizigo walikuta maganda mawili ya palo verde.

Msomaji ataona ugumu mara moja. Katika wilaya ile miti ya palo verde imejaa kila mahali, jangwani hata majumbani. Kumshitaki mtu wa Arizona kwa sababu ya maganda mawili ya palo verde ni sawa na kumshitaki mtu wa Tanga kwa sababu amekutwa na kifuu cha nazi.

Si kwamba miti ilikuwa haijafika mahakamani kabla ya hapo. Mwaka 1935, katika kesi mashuhuri ya kuibwa na kuuawa kwa mtoto mchanga wa rubani Charles Lindbergh, mtaalamu wa mbao aitwaye Arthur Koehler alionyesha kwamba ubao mmoja wa ngazi iliyoachwa nje ya nyumba ya mtoto ulikuwa umekatwa kutoka sakafu ya dari ya nyumba ya mshitakiwa. Alilinganisha mistari ya umri wa mti na matundu ya misumari, vikaafikiana. Lakini ubao una mistari na matundu. Ganda dogo la mbegu lina nini?

Swali alilojiuliza mtaalamu

Wapelelezi walikwenda kwa Dakta Tim Helentjaris wa Chuo Kikuu cha Arizona, mtaalamu wa urithi wa mimea, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa juu ya mahindi. Walitaka kujua kama angeweza kusema maganda yale mawili yalitoka kwa mti ule wenye mkwaruzo.

Hapa inafaa tueleze kidogo juu ya DNA, ambayo kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa vinasaba. Ndani ya chembe za mwili wa kila kiumbe chenye uhai, mtu, mbuzi au mchicha, mna nyuzi nyembamba sana ajabu. Katika nyuzi hizo vitu vya namna nne vimepangwa kwa mfuatano mrefu, kama herufi zilivyopangwa kitabuni. Mpango huo ndio unaoagiza huu uwe mchicha na yule awe mbuzi. Viumbe vya aina moja mipango yao yakaribia kuwa sawa, lakini haifanani kila herufi. Mtaalamu huchukua kipande cha mmea, akakisaga, akazitoa nyuzi zile, kisha kwa dawa maalum akanakili sehemu zake chache mara nyingi sana. Nakala hizo huzipitisha kwa nguvu ya umeme ndani ya kitu kizito mfano wa jeli. Vipande vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma, na mwisho huonekana mistari iliyopangana kama mistari ya kikoi. Vikoi viwili vya mistari tofauti havikutoka kitanda kimoja cha mfumaji.

Lakini je, vikoi viwili vya mistari sawa vimetoka mahali pamoja? Hapo ndipo penye fumbo, na mkulima yeyote wa kwetu aweza kulieleza vizuri.

Ukitaka kupanda mhogo, hupandi mbegu yake. Unakata kipande cha shina na kukitia ardhini. Jirani anakuja kuomba, unampa vipande vya shina lile lile, naye anampa shemeji yake wa kijiji cha pili. Baada ya miaka kumi mashamba ya nchi nzima yaweza kuwa na mhogo ambao kwa kweli ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Ndivyo ilivyo kwa migomba tunayoipanda kwa maotea, na kwa mkonge pia. Ukipima vinasaba vya mihogo ya shina moja, mistari yake itakuwa sawasawa, hapa na kule ng'ambo ya mto. Basi, mwizi akikutwa na kipande cha mhogo, na mistari yake ikafanana na ya shamba lako, huwezi kusema, "Ni wa kwangu." Labda ni wa shemeji.

Mahindi hayawi hivyo. Chavua hupeperushwa na upepo toka mhindi mmoja hadi mwingine, na kila punje ina baba na mama. Hivyo miche ya mahindi ya asili hutofautiana, kama ndugu wa tumbo moja watofautianavyo.

Je, palo verde ni mti wa namna ya mhogo, au ni wa namna ya mahindi? Dakta Helentjaris alikuwa hana budi kulijibu swali hilo kwanza. Kama miti ya palo verde ingekuwa sawa yote, maganda yale yangefanana na mti wenye mkwaruzo, na pia na miti elfu mingine, na ushahidi wote ungekuwa bure.

Basi hakupima maganda mawili na mti mmoja tu. Alipima na miti mingine iliyoota pale pale, na tena miti iliyochukuliwa sehemu nyingine za wilaya, jumla yake karibu 30. Matokeo yakawa hivi: kila mti ulikuwa na mistari yake, wala hapakuwa na miwili iliyofanana. Na maganda yale mawili ya ndani ya pikapu yalilingana na mti mmoja peke yake. Mti huo ulikuwa ule wenye mkwaruzo.

Jambo moja dogo lifaa kujulikana hapa. Ganda la mbegu ni sehemu ya mwili wa mti mama. Mbegu iliyomo ndani ina baba pia, yaani mti uliotoa chavua iliyoletwa na nyuki. Bali ganda lenyewe ni la mama peke yake. Kwa hiyo ganda laweza kumtaja mama yake bila kuchanganya maneno.

Jaji na kipimo kipya

Kesi ilipofika mahakamani, mawakili wa mshitakiwa walipinga, na kupinga kwao hakukuwa kwa kipumbavu. Walisema njia hii ni mpya. Walisema miti iliyopimwa ni michache, na jangwa ni kubwa. Nani ajuaye kama hauko mti mwingine, mahali asipofika mtaalamu, wenye mistari ile ile?

Jaji alisikiliza pande zote mbili. Aliukubali ushahidi, ila aliuwekea mpaka. Mtaalamu aliruhusiwa kueleza kwamba maganda yalilingana na mti ule, na kwamba hayakulingana na mti mwingine wowote aliopima, na kwamba yeye mwenyewe ana imani kubwa na jambo hilo. Hakuruhusiwa kutaja hesabu, yaani kusema ni mara moja katika laki ngapi au milioni ngapi mti mwingine ungeweza kufanana nao. Maana hesabu kubwa huwafumba watu macho, na miti iliyopimwa ilikuwa bado haitoshi kuibeba.

Waliokuwa na kazi ya kuamua ni raia wa kawaida walioitwa kukaa na kusikiliza. Wako karibu kama wazee wa baraza tunaowajua sisi, ila kule wao ndio wanaoamua kama mtu ana hatia au hana. Mwaka 1993 walimtia hatiani kwa kosa la kuua, akafungwa kifungo cha maisha. Alikata rufani. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Arizona iliukubali ushahidi wa mti. Kesi hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ambayo vinasaba vya mmea vilitumika mahakamani katika shauri la mauaji.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Hapa ilikomea kwenye maganda mawili.

Mti uliosema nusu

Tukiishia hapo, msomaji atadhani ya kuwa mti husema yote. Kwa hiyo tusimulie kesi ya pili, ambayo ni ya mbao.

Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani, huota aina ya mti uitwao mepo, wenye majani mapana. Baadhi yake mbao zake zina mawimbi mazuri, na watengenezaji wa magita huzilipia fedha nyingi. Kwa sababu hiyo wezi huingia msituni na kuikata. Wenzetu wanaokaa karibu na misitu wanaijua biashara ya namna hiyo, ijapokuwa kwao miti ni mingine.

Mwaka 2018 kundi moja lilikuwa likikata mepo katika msitu wa serikali uitwao Olympic. Katika mti mmoja walikuta kiota cha nyigu, na wakati wa kujaribu kukiondoa moto ukawashwa, ukawashinda. Uliunguza ekari 3,300 za msitu. Mkubwa wa kundi alikuwa akiuza mbao kwa kiwanda, akionyesha vibali vya kusema kwamba zimetoka shamba la mtu binafsi.

Wataalamu wa idara ya misitu walichukua vipande vya mbao zilizouzwa, na vipande vya visiki vilivyobaki msituni. Kutoa vinasaba katika mbao kavu si kazi rahisi, kwa maana sehemu kubwa ya ubao ni chembe zilizokwisha kufa. Lakini walifaulu. Mbao zililingana na miti mitatu iliyoibwa msituni. Na kwa kuwa safari hii walikuwa wamepima mepo nyingi na sehemu nyingi zaidi za vinasaba, hesabu ilielezwa: uwezekano wa kufanana kwa bahati tu ulikuwa mmoja katika hesabu inayoandikwa 1 na kufuatiwa na sifuri 36. Mtoto wa shule akiiandika, itamjaza mstari mzima wa daftari.

Mwaka 2021 mshitakiwa alitiwa hatiani kwa wizi wa mbao na kwa kuziuza, akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Siku za mwizi ni arobaini. Lakini alishitakiwa pia kwa ule moto. Na kwa makosa ya moto wale raia hawakumtia hatiani.

Wengine watashangaa. Ushahidi wenye sifuri 36, na bado mtu haponzwi kwa moto? Lakini sisi twaona hapo ndipo haki ilipofanya kazi yake vizuri. Mti uliulizwa, "Mbao hizi ni zako?" Ukajibu, "Ni zangu," kwa sauti ambayo hakuna awezaye kuipinga. Ulipoulizwa, "Nani aliwasha moto?" mti haukuwa na jibu. Vinasaba vya mepo havijui kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani. Ushahidi wenye nguvu katika neno moja hauwezi kukopeshwa kwa neno la pili.

Rudi sasa uitazame kesi ya kwanza. Palo verde haukusema, "Mtu huyu aliua." Ulisema, "Gari hili lilikuwa hapa." Uzito wa maneno hayo ulikuja kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa amesema hakufika. Kama angalikuwa na sababu njema ya kupita pale kila siku, maganda yale yale, na mistari ile ile, yasingalikuwa na uzito huo.

Faida kwetu

Msomaji atauliza, "Haya yanipasa nini mimi, mtu wa kijijini nisiye na darubini?" Yanakupasa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya mikono. Likitokea jambo baya, Mungu apishe mbali, watu wetu hukimbilia mahali pale kwa makundi, wakakanyaga na kuokota na kupangusa. Tusifanye hivyo. Tumsaidie aliye hai kama yupo, kisha tukae mbali hata askari wafike. Nyasi zilizonasa katika viatu, mbegu zilizoingia katika pindo la suruali, jani lililobaki sakafuni mwa gari, vyote vyaweza kuwa maneno. Nguo zisifuliwe wala kukung'utwa. Na mpelelezi mwenye maarifa hutia vitu vya mimea katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu ndani, ukungu ukaota, na vinasaba vikaharibika.

Ya pili ni ya ulimi, nayo ni kubwa zaidi. Ni mara ngapi katika vijiji vyetu mtu amepigwa, hata kuuawa, kwa kuwa "ameonekana na kitu kinachofanana"? Kuku mwekundu amepotea, na manyoya mekundu yameonekana kwa fulani. Mhogo umechimbwa usiku, na maganda ya mhogo yako jikoni kwa fulani. Umati wapaza sauti, na hakuna aliyeuliza swali moja dogo: ni nyumba ngapi nyingine za hapa kwetu zenye maganda ya mhogo leo?

Swali hilo ndilo aliloliuliza yule daktari wa Arizona kabla hajafungua kinywa chake mahakamani. Alikuwa na maganda mawili yaliyofanana na mti mmoja, na wapelelezi wanamngoja, na mwanamke amekufa, na kila mtu anatamani jibu. Angeweza kusema, "Yamefanana," na watu wangemshukuru. Lakini alikwenda kwanza kuipima miti mingine. Kama kufanana kwake kungekuwa kwa bure, kungevunjika hapo, katika meza yake, na wala si baada ya mtu kufungwa maisha.

Nasi tufanye vivyo hivyo majumbani mwetu, tukianza na watoto. Yule kijana wa kishonanguo alikwenda bondeni, hilo ni kweli, na kaptula yake imemsaliti. Lakini kama jana hiyo hiyo maembe ya mzee wa bondeni yaliibwa, mama asiunganishe maneno kwa haraka. Kaptula imesema alikopita. Juu ya maembe haijasema neno. Amwulize mwenyewe; na awaulize na wale wengine watatu waliokuja mezani na kishonanguo katika nguo zao.

Hadi juma lijalo, wapenzi wasomaji, kaeni salama.